Walaji wa Mafuta katika Mchanga wa Burgan

Wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja waliyajua mabumu ya Kuwait kama walivyozijua pepo zilizoyaleta: yaliingia na kaskazi, yamesheheni tende na chumvi, mabaharia wakiimba na kupiga ngoma tangu mlangoni mwa bandari, na yakatoka na kusi, yamejaa boriti za mikoko zilizokatwa katika delta ya Rufiji na katika mikono ya bahari ya Lamu, kwa sababu nchi ile ya mchanga mtupu haikuwa na mti wa kuezekea nyumba, na dari za Kuwait, za tajiri na za maskini, zilibebwa na miti iliyoota katika matope yetu. Mwishoni mwa mwaka 1938 baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alipanda bumu la namna hiyo, jina lake Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akashuka nalo kutoka Aden hadi Unguja na Rufiji, akafika nalo Kuwait mwaka uliofuata na shehena ya boriti. Na kitabu alichokiandika kimebaki kuwa shahidi wa biashara iliyokuwa imekaribia ukingoni, ingawa wenyewe waliokuwa ndani yake hawakulijua hilo.

Vyombo vile vilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, katika mbavu zake, na deheni ya shahamu na chokaa sehemu ya chini ikaayo majini, na kila mtoto wa pwani aliyepita karibu na chombo kilichopandishwa mchangani alijua, kabla hajafundishwa na mtu, kwamba mafuta ya kiumbe huvunda: hunuka, hugeuka rangi, hatimaye hwisha, na chombo sharti kipakwe tena. Lakini mafuta yatokayo ardhini yalihesabiwa kuwa kitu cha jinsi nyingine kabisa. Mafuta ya taa hayavundi katika debe hata yakikaa mwaka, mdudu hayaonji, na mabwana afya wa zama za Waingereza waliyamwaga juu ya madimbwi ili kuviua viluwiluwi vya mbu, nasi tukaona bayana kwamba hapana kiumbe awezaye kuishi nayo, sembuse kuishi kwayo. Dhana hiyo haikuwa yetu peke yetu. Hata maulamaa wa Ulaya walikuwa nayo, na habari ninayotaka kuisimulia hapa ni ya jinsi ilivyovunjika kidogo kidogo, katika miji iliyo mbali kabisa na Ghuba, mpaka ikafika siku ambapo nchi ya Kuwait yenyewe ilihitaji ivunjike.

Burgan ni mahali pa mchanga kusini ya mji wa Kuwait, ambako tangu zamani lami ilikuwa ikichuruzika yenyewe juu ya ardhi na Mabedui wakiijua. Mwezi wa Februari 1938, mwaka ule ule Villiers alipopanda bumu lake, wachimbaji walitoboa pale wakakuta mafuta yenye nguvu ambayo hawakuyatazamia. Vita vikaingia, visima vikazibwa kwa saruji, na ilikuwa tarehe 30 Juni 1946 ndipo Sheikh Ahmad al-Jaber alipoizungusha bilula iliyopeleka shehena ya kwanza ya mafuta melini. Toka siku hiyo boriti zetu zikaanza kushindwa na chuma na zege, na mabumu yakapungua mwaka hata mwaka, mpaka vijana wa Lamu wa leo wanayajua kwa picha tu.

Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Iraq yaliingia Kuwait, na yalipokuwa yakitolewa, mwezi wa Februari 1991, yalivilipua visima zaidi ya mia saba. Zaidi ya mia sita vilishika moto. Vingine vikabubujika bila kuwaka, na hivi, kwa upande wa ardhi, ndivyo vilivyokuwa vibaya zaidi, ingawa havikupendeza katika picha za magazeti. Moto ulizimwa upesi kuliko walivyotabiri wengi, kisima cha mwisho kikifungwa tarehe 6 Novemba mwaka ule ule. Mafuta yasiyoungua, hata hivyo, yalikwisha kutiririka mabondeni yakafanya maziwa, zaidi ya mia tatu, yaliyoenea kadiri ya kilomita mraba 49, na ndege wasafiri, wakiona kitu king'aacho katikati ya jangwa, waliteremka kunywa wasiruke tena. Masizi na manyunyu ya mafuta yaligandamana na mchanga na changarawe, yakafanya tabaka gumu mfano wa barabara juu ya kadiri ya sehemu moja katika ishirini ya nchi nzima. Wakuwaiti waliyavuta mafuta ya maziwa yale kwa pampu kadiri walivyoweza. Yaliyosalia ni tope zito, na chini ya tope ni mchanga uliokwisha kunywa.

Sasa mchanga uliokunywa mafuta unafanywaje? Kuufukia ni kumwachia mjukuu deni. Kuuchoma ni kuurudisha moshi ule ule uliokwisha kuwatia watu kikohozi. Kuuhamisha, basi uhamishiwe wapi? Shauri lililobaki lilikuwa la kuwaachia kazi wale wenye njaa nayo, na ili kuwajua hao inatupasa kuiacha Ghuba kwa muda na kwenda Uholanzi.

Katika mji wa Delft aliishi muuza nguo mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, ambaye kwa hadubini alizozisaga kwa mikono yake mwenyewe aliona, na mwaka 1676 akawaandikia mabwana wa Royal Society ya London, kwamba ndani ya tone la maji mna viumbe wasiohesabika. Zikapita karne mbili na zaidi kabla mtu hajauliza kama katika viumbe hao wamo walao mafuta ya ardhini. Wa kwanza kuonyesha dalili alikuwa Mjapani, Manabu Miyoshi, mtaalamu wa mimea, aliyeandika mwaka 1895 kwamba kuvu fulani aliweza kutoboa utando mwembamba wa mafuta ya nta yatokanayo na petroli, yale yanayoitwa parafini. Jambo dogo, lililopita bila kelele, na msomaji alikumbuke, maana Wajapani watarudi katika hadithi hii kabla haijakwisha.

Kisha zamu ikarudi Delft, ambako Martinus Beijerinck alikuwa akiwafundisha wanafunzi hila moja nyepesi na yenye busara kubwa: ukitaka kumpata kijidudu alaye kitu fulani, usimtafute, chukua udongo wowote, utie katika maji yenye chumvi chache za lazima, umpe kitu hicho kiwe chakula pekee, kisha ngoja. Asiyeweza kukila atakufa, na awezaye atazaana mpaka chupa ifanye ukungu. Mwanafunzi wake, Söhngen, aliifuata hila hiyo, na mwaka 1906 akaonyesha kijidudu kinachoishi kwa gesi ya methani, ile itokayo mabwawani. Na mwaka 1913 akaeleza vingine vinavyokula petroli na parafini. Jambo la ajabu katika kazi yake, nami naliona kuwa ndiyo kiini cha yote yaliyofuata, si kwamba aliwapata walaji hao, bali kwamba hakusafiri kwenda kuwatafuta katika visima vya Baku wala vya Marekani: aliwakuta katika udongo wa kawaida, udongo wa bustani, ambao haukupata kumwagiwa mafuta na mtu.

Mwaka 1946, mwaka ule ule bilula ya Kuwait ilipofunguliwa, Claude ZoBell wa Scripps, taasisi ya elimu ya bahari iliyoko La Jolla katika California, alikusanya yote yaliyokwisha kuandikwa juu ya jambo hili, akayapanga, akahesabu jamii kama mia za bakteria, hamira na kuvu zenye uwezo wa kula haidrokaboni. Toka hapo hapakuwa tena na udhuru wa kusema kwamba mafuta ya ardhini hayaozi.

Na kwa nini yasioze? Petroli, ukiifuata nasaba yake, si kitu kigeni kwa uhai: ni mabaki ya viumbe vidogo vya majini vya dahari za kale, vilivyofukiwa chini ya tope mahali pasipo hewa, vikakandamizwa na kupashwa moto wa ardhi mpaka vikawa minyororo na pete za kaboni na haidrojeni. Tafauti ya mafuta hayo na sifa ya papa ni ya umri na ya kifungo. Kijidudu hukijia kipande cha mnyororo na kimeng'enya chake, kikapachika chembe ya oksijeni katika ncha. Ncha hiyo hugeuka kuwa kileo, kileo kikageuka kuwa asidi ya mafuta, jamaa ya zile zilizomo katika samli na tui la nazi, na toka hapo mlaji hana tena kigeni mbele yake, hula kama alavyo chakula chochote, akatoa maji na hewa ya kaboni. Huanza na minyororo iliyonyooka. Pete humchukua muda mrefu zaidi. Na vile vipande vizito vya lami huviacha mwisho, au huviacha kabisa, kama watu wa karamu wanavyomaliza nyama na kuacha mifupa sahanini.

Lakini mafuta ni kaboni na haidrojeni, karibu hayana kingine, na kiumbe hai hakijengwi kwa kaboni peke yake. Kijidudu katikati ya mafuta ni kama mtu aliyekabidhiwa gunia la muhogo bila kitoweo wala maji ya kunywa: ana chakula tele naye ana njaa. Wataalamu wamezoea kukadiria kwamba kwa kila sehemu mia za kaboni anahitaji sehemu kumi za nitrojeni na moja ya fosforasi, pamoja na unyevu, na hewa, na joto la kadiri. Mtu akimpa hivyo, kazi ambayo ingechukua miaka mingi huchukua miezi. Kazi yote ya kusafisha udongo kwa vijidudu, ukiivua majina yake makubwa, ni hii tu ya kutia mbolea, kumwagilia na kulima, na mkulima yeyote wa kwetu angeielewa kwa dakika tano.

Waliotangulia kuifanya kwa vitendo, kwa kweli, hawakuwa wanachuoni. Viwanda vya kusafishia petroli vya Marekani vilikuwa na tope la mafuta lililokaa chini ya matangi, wasijue la kulifanya, na katika miaka ya hamsini baadhi yao walianza kulimwaga juu ya mashamba, kulichanganya na udongo kwa trekta, kutia mbolea, na kulima tena baada ya majuma kadhaa. Lilitoweka. Sikusudii kuwasifu sana watu hao: risasi na madini mengine yaliyokuwamo katika tope hayakuliwa na kijidudu chochote, yalibaki mle mle, na sheria ya Marekani ya mwaka 1984 ikaja ikaubana mtindo huo. Hata hivyo trekta lao lilikuwa limethibitisha kile ambacho chupa ya Söhngen ilikisema kwa sauti ndogo.

Kisha mwaka 1972, huko Ambler katika jimbo la Pennsylvania, bomba la petroli lilivuja na petroli ikaingia chini ya ardhi mahali ambapo trekta halifiki. Richard Raymond wa kampuni ya Sun Oil akaona kwamba ikiwa shamba haliwezi kupelekwa juu, basi kilimo kipelekwe chini: akasukuma hewa katika visima, akapeleka na chumvi za nitrojeni na fosforasi ndani ya maji ya ardhini, ili waliomo humo wapate kitoweo. Mwaka 1974 alipewa hataza kwa ufundi huo. Wala hakupeleka kijidudu hata kimoja.

Ndipo walipoingia wageni. Ananda Mohan Chakrabarty, Mbengali aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya General Electric huko Schenectady, New York, alijua kwamba bakteria wa ukoo wa Pseudomonas hubeba ustadi wa kula sehemu mbalimbali za mafuta katika viduara vidogo vya urithi ambavyo huweza kupokezana, huyu akijua kula kafuri na yule naftalini. Akavikusanya viduara hivyo ndani ya kiumbe mmoja, ili awe mlaji wa kila kitu, na mwaka 1972 akaomba hataza. Afisi ya hataza ilikubali njia yake, ikamkatalia kiumbe chenyewe, kwa hoja kwamba kilicho hai hakimilikiwi kwa hataza. Kesi ikapanda ngazi hata ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 16 Juni 1980, kwa kura tano dhidi ya nne, majaji wakaamua kwamba kiumbe aliyetengenezwa na mtu huweza kuwa mali ya aliyemtengeneza. Hukumu hiyo imejenga biashara za mabilioni katika madawa na mbegu, na imeleta mabishano ya dini na ya sheria ambayo hayatakwisha hivi karibuni. Na mlaji mwenyewe wa mafuta, aliyekuwa chanzo cha yote hayo? Hakupata kuachiliwa nje juu ya mafuta yaliyomwagika hata siku moja. Amekuwa kama yule bwana harusi ambaye ndoa yake iligombaniwa na koo mbili hadi kwa kadhi, ikahukumiwa kuwa halali, kisha hakufika arusini.

Nadhani, na hili ni langu, kwamba hapakupotea kitu. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini katika biashara hii ya mafuta aghalabu imekuwa kinyume, mgeni anakuja na mwenyeji ndiye anayemzika, maana kiumbe aliyelelewa kwa starehe ya maabara, akimwagwa juu ya udongo wenye baridi, au chumvi, au jua kali, hukuta wenyeji waliokwisha kuzoea tabu hizo tangu zama za mababu zao, nao humla au humshinda kwa chakula. Jambo hili lilijaribiwa waziwazi huko Alaska.

Usiku wa tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba wa Bligh katika ghuba ya Prince William Sound, ikamwaga galoni kadiri ya milioni 11 za mafuta ghafi, yakapaka mawe ya pwani kwa mamia ya maili. Watu waliyaosha mawe kwa maji ya moto, wakaua pamoja na mafuta vingi vilivyokuwa vikiishi pale. Mwezi wa Juni, mahali paitwapo Snug Harbor katika kisiwa cha Knight, wataalamu wa serikali walipima viwanja vya pwani wakavinyunyizia mbolea, na baada ya kadiri ya majuma mawili aliyepita angani aliweza kuona kiwanja chenye umbo la mstatili, mawe yake meupe, kimezungukwa na mawe meusi. Walitumia mbolea ya maji ya Kifaransa iitwayo Inipol, yenye kunata juu ya mafuta, na nyingine ya punje inayoyeyuka taratibu, Customblen, na toka hapo hadi mwaka 1992 pwani ndefu ikatiwa mbolea kama shamba la mahindi.

Wapo waliotia shaka, na shaka yao ilikuwa ya haki: huenda mbolea ya kunata ilikuwa imeyaosha mafuta tu na kuyapeleka baharini. Jawabu lilipatikana kwa hila ambayo Beijerinck angeipenda. Ndani ya mafuta ghafi mna kitu kiitwacho hopani, ambacho vijidudu karibu hawakigusi. Basi ikiwa mafuta yameoshwa, hopani nayo itapungua sawasawa na wenzake, na ikiwa yameliwa, itabaki yenyewe na wenzake watatoweka. Hopani ilibaki. Kadhalika mwaka 1990, katika kisiwa cha Disk, bakteria waliouzwa tayari na wafanya biashara walijaribiwa kando ya wenyeji, na hawakuonekana kuwashinda. Lakini haifai kumficha msomaji kwamba mafuta yaliyozama chini ya mawe, mahali ambapo hewa na mbolea havikufika, yalikuwa yakichimbuliwa yangali mabichi miongo kadhaa baadaye.

Na Kuwait? Huko mambo yalikuwa kinyume cha Alaska karibu kwa kila hali, ila mafuta. Mvua yote ya mwaka ni kadiri ya milimita mia na kidogo; joto la kiangazi hupita digrii 50; mchanga hauna mboji, wala nitrojeni ya kutosha. Wa kwanza kutangaza habari njema walikuwa walimu wa Chuo Kikuu cha Kuwait, Sorkhoh, al-Hasan na Samir Radwan, pamoja na mwenzao Mjerumani, ambao mwaka 1992 waliandika kwamba kando ya Ghuba, juu ya mafuta yaliyomwagwa baharini wakati wa vita, palikuwa pameota mazulia ya kijani ya viumbe vidogo vinavyotumia nuru ya jua, na ndani ya mazulia hayo, wamelindwa na utelezi wake wasichukuliwe na maji, walikuwamo bakteria walao mafuta, wakipewa hewa na jirani zao wa kijani.

Nchi kavu ilihitaji zaidi ya subira. Katikati ya miaka ya tisini Taasisi ya Kuwait ya Utafiti wa Kisayansi, kwa msaada wa Wajapani, karne moja baada ya Miyoshi kuutazama ule utando wake wa parafini, ilianza majaribio makubwa pale pale Burgan. Walichimbua mchanga wa chini ya maziwa, wakauchekecha kuondoa mabonge ya lami, wakauchanganya na vipande vya mbao na mboji ili upate kushika maji na kupitisha hewa, wakautia mbolea, kisha wakaugawa katika namna tatu. Wa kwanza waliutandaza kama shamba, wakaulima na kuumwagilia. Wa pili waliufanya matuta marefu, wakayapindua mara kwa mara. Wa tatu waliurundika juu ya mabomba yenye matundu, hewa ikasukumwa ndani bila kuugusa. Katika jangwa lile maji yalikuwa ndiyo gharama kubwa na ndiyo siri yote, kwani tuta likikauka wafanya kazi wanalala, na likinyweshwa wanaamka, wala hawadai ujira wa siku walizolala. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi sehemu kubwa ya mafuta ilikuwa imekwisha, na katika mchanga uliosafika walijaribu kupanda mimea.

Msomaji atauliza, ikiwa ilijulikana hivyo tangu miaka ya tisini, mbona maziwa makavu ya mafuta yalikuwa yangalipo Kuwait hata baada ya miaka thelathini? Sababu moja ni ya vijidudu wenyewe, ambao huusafisha vema mchanga uliolowa kiasi, lakini tope zito la lami huwashinda na sharti liondolewe au lioshwe kwa njia nyingine. Sababu kubwa zaidi ni ya fedha na ya kesi. Umoja wa Mataifa uliweka tume huko Geneva ya kupokea madai ya fidia, na malipo yakakatwa katika mauzo ya petroli ya Iraq, hata ikawa uharibifu uliofanywa kwa mafuta unalipwa kwa mafuta. Kuwait ilipewa zaidi ya dola bilioni mbili kwa ajili ya ardhi yake, fungu la mwisho la fidia zote likalipwa mwaka 2022, na mikataba mikubwa ya kuusafisha mchanga ilikuwa ndiyo kwanza imetiwa sahihi. Mtoto aliyezaliwa visima vikiwaka alikuwa amekwisha kuwa mtu wa makamo.

Nimeiacha kwa makusudi habari moja, kwa kuwa ndiyo niipendayo kuliko zote. Jangwa la Kuwait, mvua za kipupwe zikipita, hupata majani kwa majuma machache, na kando ya maziwa ya mafuta, miaka michache baada ya vita, Radwan na wenzake waliona jamii za mimea ya jangwani zikiota katika mchanga mweusi usiostahili kuotesha kitu, mmojawapo ukiwa Senecio glaucus, mmea mdogo wa maua ya manjano. Waliung'oa. Shina lake na majani ya chini yalikuwa yamepakaa weusi. Mizizi yake ilikuwa myeupe, safi, kama iliyooshwa kwa sabuni; na walipoupima mchanga ulioshikamana nayo waliona una mafuta machache kuliko mchanga ulio mbali nayo, na una bakteria walao mafuta wengi zaidi. Mzizi ulikuwa ukiwapa hewa na utomvu wake, nao wakiulia yale ambayo yangeuua. Hapakuwa na mtu aliyepanda mmea ule, wala aliyeleta vile vijidudu. Radwan na wenzake waliandika habari yake mwaka 1995, wakati matuta ya Burgan yalikuwa yangali yakinyweshwa maji kwa mabomba.